Jinsi ya kujifunza kuchunguza wizi wa hela maofisini: anza na karatasi mbili

Mtu wa kwanza niliyemtuhumu wizi kwenye maisha yangu ya kazi hakuwa ameiba hata shilingi mia. Alikuwa keshia wa SACCOS moja, mama wa makamo, na mimi nilikuwa kijana wa ukaguzi wa ndani mwenye miezi saba kazini, nimeona droo yake imepungua hela mara tatu ndani ya mwezi mmoja, nikakimbilia kwa meneja, meneja akamwita mbele ya wenzake, yule mama akalia, akasimamishwa kazi siku ile ile. Kesho yake asubuhi leja ya mikopo ya mwaka uliopita haikuwepo kabatini. Aliyeichukua ndo mwizi mwenyewe, afisa mikopo, na sisi ndo tulimshtua kwa kelele zetu. Ilituchukua miezi mitano kujenga upya ushahidi ambao tungeupata ndani ya wiki kama ningekaa kimya na kujua naangalia nini.

Kwa hiyo naandika hapa njia ambayo ningependa mtu angenionyesha wakati ule. Ni kwa ajili ya kijana wa uhasibu aliyepelekwa ukaguzi bila mafunzo yoyote, mjumbe wa kamati ya usimamizi ambaye kazi yake ya kila siku ni kufundisha shule ya msingi, askari wa upelelezi aliyezoea mafaili ya wizi wa mifugo alafu siku moja anakabidhiwa faili la wizi wa benki, mwandishi wa habari pia. Usisubiri mwajiri akupeleke kozi, sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kujifunza hapo hapo ulipo, kwa karatasi zilizopo ofisini kwenu.

Jua kwanza hela inavyotembea ikiwa salama

Wengi wakianza wanataka kujua mbinu za wapigaji. Mimi nasema jifunze kwanza njia ya kawaida, maana usipojua njia huwezi kuona mtu alipochepuka. Chukua kitu kimoja kidogo ambacho ofisi yenu ilinunua mwezi uliopita, mfano wino wa printa wa 180,000, ukifuate mguu kwa mguu. Nani aliomba, ombi lake liko wapi, nani aliidhinisha, bei zililinganishwa kwa wauzaji wangapi, LPO, yaani oda ya kununua, ilitoka lini, nani alisaini kupokea mzigo, stoo waliandika kwenye leja siku gani, invoisi inasemaje, vocha ya malipo alisaini nani, hela ilitoka benki tarehe ngapi, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi. Kwa kitu kimoja kidogo utakuta karatasi nane au tisa. Zipange mezani kwa tarehe. Alafu kwenye daftari lako, sio kwenye karatasi zenyewe, andika kila moja imeandikwa na nani, na huyo aliyeandika angefaidika nini kama angeandika uongo.

Hilo swali la mwisho ndo kazi nzima, naomba ulishike vizuri. Karatasi iliyoandikwa na mtu unayemchunguza haikusaidii sana ikiwa peke yake, hata iwe na mihuri mitatu. Inaanza kusema pale unapoiweka kando ya karatasi nyingine iliyoandikwa na mtu mwingine, mahali pengine, ambaye hakujua kama siku moja zitakutanishwa. Vocha inasema lita 400 za dizeli, kitabu cha getini kinasema gari halikutoka wiki nzima. Orodha ya posho inasema watu 40 walihudhuria semina, mwenye ukumbi anasema alipika chakula cha watu 22. Karatasi mbili zisizojuana, tafuta hizo kila siku, ukizikosa bado hujaanza uchunguzi.

Kesi kubwa duniani zimevunjwa hivyo hivyo. Angalia Goldenberg ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 90. Serikali ilikuwa inawapa wauzaji wa nje fidia ya asilimia 20 ya mauzo ili dola ziingie nchini, na kampuni ya Goldenberg International ikawa inalipwa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai inauza nje. Fomu zilikuwepo, zimejazwa, zimegongwa mihuri. Lakini Kenya haikuwa inachimba almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno kulinganisha na hayo mauzo yaliyodaiwa. Weka fomu za mauzo upande huu na rekodi za uzalishaji wa madini upande ule, uongo unajitokeza wenyewe. Na mmoja wa walioziona hizo fomu akashtuka hakuwa mpelelezi, alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, zilikuwa zinapita mezani kwake. Alizitoa nyaraka zikafika kwa wabunge wa upinzani, 1993 akakamatwa, akapoteza kazi, na alifariki 2006 bila kulipwa fadhila aliyostahili. Kila nikifundisha vijana lazima nimtaje, inaniuma sana habari yake.

Au nenda Ujerumani, 2020. Kampuni ya malipo ya Wirecard ilianguka baada ya kugundulika kwamba euro bilioni 1.9 ambazo vitabu vilisema ziko kwenye benki mbili za Ufilipino hazipo, na benki zenyewe zilipoulizwa zikasema hawa sio wateja wetu na hizo nyaraka ni za kufoji. Kampuni kubwa, wakaguzi wakubwa, na swali lililomaliza mchezo lilikuwa jepesi kabisa: benki, mna hela yao? Ndo maana mimi nikitaka uthibitisho wa salio la benki naandika barua mwenyewe, anwani natafuta mwenyewe, na jibu linarudi kwangu moja kwa moja, halipitii kwa mhasibu. Mhasibu akikwambia "usijali bosi, ntakuletea mimi hiyo stetimenti," mshukuru alafu endelea na barua yako.

Wizi una familia chache

Ukisikia stori za utapeli unaweza kudhani mbinu ni elfu kumi, ila nyingi ni watoto wa familia chache. Kuna hela inayoibwa kabla haijaandikwa popote, kuna inayoibwa ikishaingia vitabuni, kuna malipo hewa (mfanyakazi hewa, mzabuni hewa, mkopo hewa, safari hewa), kuna cha juu na mlungula kwenye zabuni, na kuna kupamba vitabu vyenyewe ili kampuni ionekane nzima. Ukijua familia unajua karatasi ya pili itakuwa wapi. Hela iliyoibwa kabla ya kuandikwa haina karatasi ndani ya ofisi, kwa hiyo lazima uende kwa aliyeitoa.

Ngoja nikae kidogo kwenye mbinu moja, maana ndo ilitutesa kwenye ile SACCOS na bado naikuta kila mahali penye marejesho, iwe VICOBA, ada za shule, kodi za pango. Jumatatu mwanachama wa kwanza analeta rejesho 100,000, afisa anaweka mfukoni. Jumatano wa pili analeta 150,000. Afisa anaandika kwenye leja 100,000 kwa jina la wa kwanza na 50,000 kwa jina la wa pili. Sasa wa kwanza yuko sawa, wa pili ndo anadaiwa 100,000 ambayo ameshalipa. Ijumaa wa tatu akileta hela, inakwenda kumziba wa pili. Shimo halizibwi, linahamishwa tu kutoka mtu hadi mtu, na kila wiki linaongezeka maana jamaa anaendelea kula. Dalili zake, huyo mtu hachukui likizo, hataki mwenzake aguse faili lake, anakuja ofisini hata akiwa anaumwa, na wanachama wanalalamika kwamba rejesho limechelewa kuonekana.

Kipimo chake ni tarehe. Chukua tarehe iliyo kwenye risiti ya mwanachama, au ujumbe wa muamala kama alilipa kwa simu, iweke kando ya tarehe ya leja. Sisi leja ilikuwa imeibwa, kwa hiyo tulibaki na taarifa za mwezi zilizochapishwa, na tukaanza kutembea nyumba kwa nyumba kukusanya vitabu vya wanachama. Kuna bibi mmoja alitutolea kopo la Blue Band kutoka uvunguni, ndani kuna risiti zake zote za miaka miwili, zimekunjwa moja moja kama karanga za kufunga, hazijalowa hata moja. Tulikaa kwenye mkeka wake mpaka jioni tunazikunjua na kupiga picha, na risiti baada ya risiti ikawa hivyo hivyo, yeye kalipa Jumatatu, taarifa inasema Alhamisi, yeye kalipa Jumatatu, taarifa inasema Ijumaa. Afisa alikuwa anakusanya hela mtaani kwa kitabu cha risiti, alafu anamkabidhi keshia vishina vya risiti na hela pungufu, anasema "iliyobaki naileta mchana, dada." Yule mama alimwamini. Upungufu wa droo ulitokea hapo.

Watu wa fani wanapenda kumtaja Donald Cressey, Mmarekani aliyewahoji wafungwa wa makosa ya kula hela walizoaminiwa, akaja na yale mambo matatu mwaka 1953, kwamba mtu ana shida inayombana ambayo hawezi kumwambia mtu, ameona mlango uko wazi, na amejipa sababu moyoni. Wengi wa wale wafungwa walikuwa wanajiambia wanakopa tu, watarudisha. Jifunze hiyo, inasaidia kujua uanze kuangalia wapi. Ila shida za mtu sio ushahidi. Mtu kuwa na deni la hospitali haimfanyi mwizi, na nimeona ripoti zinazoanza na "mtuhumiwa anaishi maisha ya juu" zikakosa hata karatasi moja ya kuonyesha hela imetoka wapi kwenda wapi.

Kama kweli unataka kuongelea maisha ya juu, yapigie hesabu. Mtu mwanzoni mwa 2021 alikuwa na mali ya milioni 5 ukishatoa madeni. Mwisho wa 2023 ana mali ya milioni 78. Ameongeza milioni 73. Matumizi ya familia kwa miaka mitatu umeyathibitisha milioni 18, jumla 91. Mshahara wake 900,000 kwa mwezi, mara miezi 36, milioni 32.4. Zinabaki milioni 58.6 ambazo hazijulikani zilikotoka. Hapo sasa ndo unatafuta maelezo yanayomsaidia, mirathi, mkopo, biashara ya mke, shamba, na ukiyakuta unayatoa kwenye hesabu kwa haki kabisa. Hesabu za aina hii, za kulinganisha mapato na matumizi, ndo zilimfunga Al Capone miaka 11 mwaka 1931, kwa kodi, wakati mauaji hayakuthibitika. Na sheria ya TAKUKURU ya 2007 inalitambua kosa la kuwa na mali isiyo na maelezo, kwa hiyo ni hesabu yenye kazi hata kwetu.

Mazoezi ya Excel

Huhitaji programu ya mamilioni. Excel ya kawaida inatosha miaka yako mitatu ya mwanzo, ukijua kuchuja, kupanga, kutafuta vinavyojirudia na kutengeneza jedwali la muhtasari. Zoezi ninalowapa vijana wangu ni hili: kila mmoja anatengeneza orodha ya malipo 1,000 ya uongo, anaficha ndani yake wizi wa aina tano, anampa mwenzake autafute, alafu wanabadilishana. Yaani unajifunza mara mbili, ukiwa unaficha na ukiwa unatafuta, na ukiwa unaficha ndo utagundua ilivyo ngumu kudanganya bila kuacha alama.

Vya kutafuta: akaunti moja ya benki inapokea mishahara ya watu wawili. Akaunti au namba ya simu ya mfanyakazi ndo ile ile ya mzabuni. Invoisi moja imelipwa mara mbili, mara ya pili namba imeongezewa kistari au sifuri mbele. Malipo yanayogandana chini kidogo ya kikomo cha idhini, mfano bosi anasaini kuanzia 500,000 na wewe unakuta 495,000, 498,000, 490,000, kwa muuzaji yule yule, ndani ya siku tatu. Malipo yaliyoingizwa Jumapili usiku. Namba za risiti zinazofuatana. Hii ya mwisho naipenda sana. Nilishawahi kupanga risiti za gereji moja za miezi minne, zikaja 0212, 0213, 0214, mpaka 0226, bila kuruka hata moja, maana yake gereji ile kwa miezi minne haikuwa na mteja mwingine duniani isipokuwa sisi. Tulipokwenda kwenye anwani tukakuta nyumba ya kupanga.

Kuna pia kanuni ya Benford. Simon Newcomb aliona mwaka 1881 kwamba vitabu vya logarithimu vinachakaa zaidi kurasa za mwanzo, Frank Benford akaja kuipima kwa data nyingi 1938: kwenye namba nyingi za asili, zinazoanza na 1 ni kama asilimia 30.1, zinazoanza na 2 asilimia 17.6, inashuka hivyo mpaka 9 yenye asilimia 4.6. Mtu anayebuni namba kichwani huwa hafuati huo mteremko. Kwenye Excel andika =LEFT(A2,1), vuta mpaka chini, hesabu kila tarakimu imetokea mara ngapi, linganisha. Ila nakuonya, usiitumie kwenye posho zenye viwango maalum wala kwenye orodha ya malipo 60, itakudanganya. Na hata ikionyesha kitu, inakwambia tu pa kuchimba, haijathibitisha wizi wa mtu yeyote.

Vya bure ambavyo watu hawavitumii

Mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili kampuni, unakuruhusu kutafuta kampuni na majina ya biashara, na ukilipia unapata taarifa rasmi za wakurugenzi na wanahisa, Kenya wenzetu wanaita CR12. Cheki tarehe ya kusajiliwa kwanza, kampuni iliyozaliwa wiki mbili kabla ya zabuni inahitaji maelezo. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki, unaiingiza kwenye tovuti ya TRA pamoja na muda ulioandikwa kwenye risiti, inakuletea risiti halisi ilivyotolewa. Zoea kufanya hivyo na risiti zako mwenyewe za sheli na supamaketi ili siku ukikutana na ya kufoji mkono uwe mwepesi. Kampuni ikiwa na mkono nje ya nchi, kuna kanzidata ya Offshore Leaks ya ICIJ, umoja wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, wale wa Panama Papers za 2016 zenye nyaraka milioni 11.5, na kuna OpenCorporates. Zote unafungua kwa simu.

Ukitaka kesi ya nyumbani ya kujipima, chukua EPA. Mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka Benki Kuu ya Tanzania kwenye akaunti ya madeni ya nje, kwa madai kwamba wadai wa nje wamewahamishia madeni yao, na ukaguzi ukakuta nyaraka nyingine ni za kughushi, Januari 2008 gavana Daudi Ballali akaondolewa. Kaa chini ujiulize, kama ningekuwa mezani siku hati ya kuhamishiwa deni inaingia, karatasi ya pili ningeitafuta wapi? Jibu liko kwa yule mdai wa nje, ambaye angeulizwa kwa anwani iliyo kwenye mafaili ya zamani, sio ile iliyo kwenye barua mpya.

Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinatoka kila mwaka, zipo mtandaoni, hata za Kiswahili zipo. Usizisome kama gazeti kutafuta mabilioni. Soma hoja moja, alafu jiulize mkaguzi aliijuaje, alilinganisha nini na nini. Ukifanya hoja tano kila wiki kwa mwaka mmoja utakuwa na macho tofauti kabisa.

Na hukumu, jamani, hukumu. Tovuti ya hukumu ya TanzLII ni bure, ya Kenya Law ni bure, na Mahakama Kuu yetu ina divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi tangu 2016. Ushauri wangu ni usome zaidi zile kesi ambazo mshtakiwa aliachiwa. Hapo hakimu au jaji anaeleza hatua kwa hatua mpelelezi aliharibu wapi: kielelezo kilipita mikono minne na haijulikani ya tatu ilikuwa ya nani, hati ya kukamata mali haikusainiwa na shahidi, maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayotoa polisi, yalichukuliwa nje ya saa 4 zinazoruhusiwa bila kuongezewa muda, stetimenti iliyochapwa kwenye kompyuta ililetwa bila mtu wa kueleza imetoka kwenye mfumo gani na kwamba mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri, jambo ambalo kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinalihitaji. Ukisoma kesi kama hizo thelathini hautakaa utoboe matundu ya pini kwenye karatasi halisi wala kuandika juu yake, utaiweka kwenye bahasha, utaandika tarehe, saa, umeipata kwa nani, na utafanyia kazi fotokopi.

Hapo hapo nikwambie mipaka, maana kuna vijana wanajiona wapelelezi wa kwenye sinema. Simu ya mtu usiifungue. Pasiwedi ya mtu usiitumie, hata kama aliibandika kwenye kompyuta. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, unaweza kuanza kama mchunguzi ukamaliza kama mshtakiwa. Na kama uko benki na mmetuma taarifa ya muamala wenye mashaka kwenye kitengo cha kudhibiti fedha haramu, kumdokeza mteja ni kosa.

Kuzungumza na watu

Taarifa za wizi wa ndani zinatoka wapi? Ripoti za chama cha ACFE, kile cha wachunguzi wa udanganyifu kilichoanzishwa Marekani 1988, miaka nenda rudi zinaonyesha zaidi ya asilimia 40 ya kesi zimegundulika kwa mtu kutoa siri, sio kwa ukaguzi. Kwa hiyo mlinzi, mfagizi, dereva, mtu wa stoo, ndo waalimu wako. Wasalimie kabla hujawahitaji.

Mahojiano yanapangwa kutoka nje kwenda ndani, unaanza na wanaojua taratibu tu, wanafuata waliokuwa karibu, unayemshuku anakuwa wa mwisho ukiwa karatasi zako zimekamilika. Nilichokosea kwa yule keshia ni hicho, nilianza na wa mwisho. Waingereza waliachana na mtindo wa kubana watu mwanzoni mwa miaka ya 90 baada ya watu wasio na hatia kufungwa kwa kukiri vya uongo, wakatengeneza utaratibu wa PEACE: unajiandaa, unamweleza mtu kwa nini mko pale, unamwacha aseme yote, unafunga kwa heshima, alafu unajitathmini. Moyo wake ni pale kati, kumwacha aseme. Fanya mazoezi nyumbani, mwambie mwenzio "nieleze Jumamosi yako toka ulipoamka," usimkatize dakika kumi, alafu urudie uone umeshika kiasi gani. Ngumu kuliko unavyodhani. Ukishazoea, ofisini utasema "nieleze ulivyopokea hela ya tarehe 14" badala ya "ulipokea hela ya tarehe 14 ukaila, sio?" Mtu akishakueleza kwa maneno yake mwenyewe ndo unatoa karatasi ya pili, taratibu, moja moja, na unamwomba akusaidie kuzipatanisha.

Vyeti vipo, CFE ya hao ACFE inaheshimika na mitihani yake inagusa miamala, sheria, upelelezi na kuzuia, Kenya bodi ya mitihani ya KASNEB nao wana mtihani wao wa wachunguzi wa udanganyifu. Kama una uwezo vifuate, ila fanya kwanza haya mazoezi mwaka mmoja, utaingia darasani ukijua unauliza nini. Na kwa utapeli wa simu, wa "ile hela tuma kwenye namba hii," kazi ni ya haraka zaidi: hifadhi ujumbe na namba ya muamala, piga kwa mtandao wako dakika hiyo hiyo wazuie, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, nenda polisi, na kila baada ya muda piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuandika ripoti

Andika ulichokiona, aliyekiona, lini, kwenye karatasi gani. "Afisa alifuja fedha za wanachama kwa tamaa" ni maoni yako, na wakili atakuchana nayo. "Tarehe 3 Juni mwanachama namba 118 alikabidhiwa risiti namba 0771 ya 100,000 yenye saini ya afisa, taarifa ya mwezi Juni inaonyesha rejesho hilo tarehe 6 Juni, kielelezo cha 4 na cha 5" hiyo inasimama yenyewe hata usipokuwepo. Usimwite mtu mwizi, hiyo kazi ya mahakama. Andika pia kilichomsafisha mtu, kwa wino ule ule na urefu ule ule, na majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ripoti ikikamilika ipeleke kwa mwenye mamlaka asiyehusika, na kama wote wanahusika kuna TAKUKURU, 113, simu ni bure.

Ile ya kwetu ilipoisha ilikuwa na kurasa 41. Ukurasa wa 38 ulisema upungufu wa droo ya keshia ulitokana na makabidhiano pungufu ya afisa mikopo, na hakuna ushahidi wowote kwamba keshia alichukua fedha. Nilitoa nakala ya ukurasa huo kwa ruhusa ya bodi, nikampelekea nyumbani kwake siku ya Jumapili. Alinikaribisha, hakunilaumu, akavaa miwani, akausoma pale mlangoni mara mbili polepole kidole kikiwa chini ya mstari. Alafu akaninyooshea ile karatasi akasema, "mwanangu, jina la baba yangu mmelikosea herufi moja." Nikarudi ofisini jioni ile ile kulirekebisha, nikachapa upya, mwenyekiti akasaini upya, na Jumatatu saa mbili asubuhi nikamrudishia.